Diski ya saa milioni moja: umri wa vifaa vya elektroniki unapungua wapi hasa

Katika karatasi ya maelezo ya kiufundi ya diski kuu nyingi za kompyuta, zile zinazotunza data kwenye sahani zinazozunguka, kuna namba moja ambayo anayeiona kwa mara ya kwanza huisoma mara mbili. Mtengenezaji anaandika kwamba wastani wa muda kabla ya diski kuharibika ni saa 1,000,000, na kwa diski za seva siku hizi namba hiyo hufika saa 2,500,000. Mwaka mmoja una saa 8,760. Ukigawanya, saa milioni moja ni zaidi ya miaka 114, na milioni mbili na nusu ni miaka 285. Mtengenezaji huyohuyo, kwa diski hiyohiyo, anatoa waranti ya miaka miwili, mitatu au mitano. Mnunuzi ana haki ya kuuliza ni namba ipi inayosema kweli, na jibu ni kwamba zote mbili ni za kweli, ila kila moja inajibu swali lake.

Namba ya saa milioni haihusu diski moja. Chukua vijana 1,000 wenye umri wa miaka 25. Ikiwa kwa mwaka mzima atafariki mmoja tu kati yao, mtu wa hesabu anaweza kusema kwamba kundi hilo limeishi jumla ya miaka 1,000 kwa kifo kimoja. Hesabu hiyo ni sahihi, lakini hakuna atakayeielewa kuwa kijana yeyote kati yao ataishi miaka 1,000, kwa sababu watakapofika miaka 80 vifo vitahesabiwa kwa namna nyingine kabisa. Ndivyo ilivyo kwa diski. Saa milioni moja maana yake ni kwamba ukiziwasha diski 1,000 kwa mwaka mzima bila kuzizima, utarajie takriban tisa ziharibike, mradi ziwe bado ndani ya miaka ya utumishi iliyokusudiwa, ambayo kwa kawaida ni mitano, na ziwe katika chumba ambacho joto, umeme na mtikisiko wake vinadhibitiwa.

Hata ahadi hiyo ya tisa kwa elfu iliwahi kupimwa ikapungua nguvu. Mwaka 2007 Bianca Schroeder na Garth Gibson wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walichunguza rekodi za diski zipatazo 100,000 zilizokuwa zikifanya kazi katika mitambo mikubwa, wakakuta kwamba diski zilizobadilishwa kwa mwaka kwa kawaida zilizidi asilimia 1, mara nyingi zilikuwa kati ya asilimia 2 na 4, na katika mitambo mingine zilifika 13. Mwaka huohuo watafiti wa Google walitoa takwimu za diski zao zaidi ya 100,000. Katika mwaka wa kwanza wa maisha ya diski, zilizoharibika zilikuwa asilimia 1.7, lakini kwa zile zenye miaka mitatu zilizidi 8.6. Jambo lililonishtua zaidi katika utafiti huo wa pili ni kwamba zaidi ya nusu ya diski zilizokufa hazikuwa zimeonyesha hata moja kati ya dalili nne ambazo watafiti waliziona kuwa na uzito, ikiwa na maana kwamba mwenye diski angeweza kuikagua jana jioni, akaikuta nzima, na asubuhi asiione tena.

Je, diski za sasa zinakufa mapema kuliko za zamani? Malalamiko hayo nimeyasikia kwa miaka mingi, na mimi mwenyewe nimewahi kuyatoa, lakini takwimu tulizo nazo haziyaungi mkono kwa ujumla wake. Diski ya mwaka 1998 ambayo bado inazunguka ofisini kwa mtu inaonekana, ilhali wenzake waliokufa mwaka 2001 walishatupwa na kusahaulika, kwa hiyo tunailinganisha mbegu iliyosalimika na shamba zima la leo. Kampuni ya Backblaze ya Marekani, ambayo kazi yake ni kuhifadhi nakala za data za wateja, imekuwa ikichapisha takwimu za diski zake tangu mwaka 2013. Wakati huo ilieleza kwamba diski zake ziliharibika kwa kiwango cha asilimia 5.1 kwa mwaka katika miezi 18 ya mwanzo, zikatulia kwa asilimia 1.4 katika mwaka mmoja na nusu uliofuata, kisha zikapanda hadi asilimia 11.8 baada ya mwaka wa tatu. Kwa mwaka 2024, kiwango cha diski zake zote kwa pamoja kilikuwa asilimia 1.57, na katika uchambuzi wake wa mwaka 2025 kilele cha vifo kilikuwa kimesogea hadi baada ya miaka kumi, tena kwa kiwango cha asilimia 4 na kidogo tu.

Zipo modeli zilizoharibu sifa ya wote. Diski ya Seagate ya terabaiti 3 iitwayo ST3000DM001 iliharibika kwa wingi katika seva za Backblaze, na mwaka 2016 ilifunguliwa kesi ya pamoja ya wateja nchini Marekani, ingawa ni haki kusema kwamba ile ilikuwa diski ya kompyuta ya mezani iliyopewa kazi ya seva. Zipo pia zilizoumizwa na busara ya kubana matumizi ya umeme. Diski za Western Digital za aina ya Green, zilipotoka, ziliegesha vichwa vyake vya kusomea kila zilipokaa sekunde nane bila kazi, na zilikuwa zimepimwa kuvumilia maegesho 300,000. Mfumo wa uendeshaji ulioigusa diski mara moja kila dakika ungeiegesha na kuiamsha mara 1,440 kwa siku, na kuyamaliza maegesho yote hayo kwa takriban miezi saba. Hakuna chuma kilichokuwa kibovu hapo. Palikuwa na uamuzi wa mpangilio mmoja mdogo ndani ya programu ya diski, na uamuzi huo ndio uliopima umri wake.

Kama chuma chenyewe hakijazorota, kwa nini mtu wa nyumbani anahisi kinyume? Sababu ya kwanza ni uzito wa hasara. Mashine ya IBM ya mwaka 1956, RAMAC, ilikuwa na sahani 50 zenye upana wa inchi 24 kila moja, na zote kwa pamoja zilibeba herufi milioni 5, chini ya ukubwa wa picha moja inayopigwa na simu nzuri ya leo. Diski ya kwanza ya Seagate ya mwaka 1980 ilikuwa na megabaiti 5. Sasa diski moja inayotosha kiganjani inabeba terabaiti 20 na zaidi, na ili kufika huko kichwa cha kusomea hulazimika kuelea nanomita chache tu juu ya sahani, ilhali unywele mmoja wa binadamu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Tangu mwaka 2013 diski kubwa zilianza kujazwa gesi ya heli badala ya hewa, kwa kuwa hewa yenyewe inazitikisa sahani kupita kiasi. Kunakili diski ya namna hiyo kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa mwendo wa megabaiti 250 kwa sekunde, huchukua saa 22 mfululizo. Diski iliyokufa zamani ilimpotezea mtu barua zake za ofisini. Ikifa leo inaondoka na harusi, mazishi, watoto walipokuwa wachanga na sauti ya bibi.

Sababu ya pili ni waranti, na hapa malalamiko yana mashiko. Kuanzia Oktoba 2002 watengenezaji wakubwa, wakiwemo Maxtor, Seagate na Western Digital, walishusha waranti ya diski nyingi za kawaida kutoka miaka mitatu hadi mmoja. Mwaka 2004 Seagate ikapandisha ya kwake hadi miaka mitano ili kuvutia wateja. Kisha yakaja mafuriko makubwa ya Thailand ya mwaka 2011, ambayo yalifunika viwanda vya diski na vya vipuri vyake, bei zikaruka, na mwishoni mwa mwaka huohuo Seagate na Western Digital zikapunguza tena waranti za diski nyingi za watumiaji wa kawaida. Kampuni zilizowahi kutengeneza diski kuu duniani zilikuwa zaidi ya 200. Zilizobaki ni tatu, yaani Seagate, Western Digital na Toshiba. Katika soko la watu watatu mteja hana pa kukimbilia, na mwaka 2020 alilionja jambo hilo pale ilipobainika kwamba baadhi ya diski za Western Digital za aina ya Red, zinazouzwa kwa ajili ya mashine ndogo za kuhifadhia data, zilikuwa zinaandika kwa mtindo wa njia zinazopandiana kama vigae vya paa, mtindo ambao unaongeza nafasi lakini unapunguza sana kasi ya kuandika upya, bila mnunuzi kuelezwa.

Sababu ya tatu nilionyeshwa kwa macho. Nilikuwa na diski ya nje ya terabaiti 2, ya kubeba mkononi, iliyokuwa na miaka minne. Mtoto aliukanyaga waya wake ikiwa inafanya kazi, na tundu la kuchomekea likalegea. Niliipeleka kwa fundi Kariakoo nikiwa na matumaini, kwa sababu nilijua kwamba ndani ya ganda la diski ya nje huwa kuna diski ya kawaida na kipande kidogo cha kiunganishi, na kwamba kiunganishi kikifa unaitoa diski na kuipachika moja kwa moja kwenye kompyuta. Fundi alilipasua ganda kwa kadi ya plastiki, akaigeuza diski, akanyamaza kidogo, kisha akaisogeza chini ya taa yake ili nione. "Kaka, hii hawajaweka kiunganishi," alisema. "Tundu wamelichomelea humuhumu kwenye bodi ya diski." Sahani zilikuwa nzima, vichwa vilikuwa vizima, na mota ilizunguka bila kelele yoyote. Aliichomelea tena nyaya nne nyembamba kama nywele, zikashika kwa muda uliotosha kunakili faili, na siku ya pili yake zikaachia. Diski hiyo haikufa kwa uchakavu. Ilikufa kwa sababu kipande cha bei ndogo kiliondolewa na kazi yake ikahamishiwa mahali pasipotengenezeka.

Nimeieleza kwa kirefu kwa sababu ndilo jambo ninalotaka msomaji alishike anapoendelea: kifaa hakina umri mmoja, bali kina umri wa kila sehemu yake, na kinakufa na ile inayotangulia. Diski za sahani zimedumu vizuri kwa sababu waliozinunua kwa wingi, wenye maghala ya seva, walizipima na kuchapisha matokeo yake hadharani. Sehemu nyingine za vifaa vyetu hazikupata mnunuzi mkali wa namna hiyo.

Chukua kumbukumbu ya flashi, ambayo imechukua nafasi ya sahani katika simu, kompyuta mpakato na televisheni. Seli ya flashi hutunza data kwa kunasa chaji ya umeme ndani ya tabaka linaloizuia isivuje. Katika flashi za mwanzo kila seli ilitunza biti moja, hivyo kilichotakiwa ni kujua kama chaji ipo au haipo. Ili kupunguza bei, watengenezaji walitia biti mbili katika seli ileile, kisha tatu, na sasa nne, na kila biti inayoongezwa huzidisha viwango vya chaji mara mbili, hadi kufika 16. Ni kama kumtaka mtu autazame mtungi akiwa mbali na kusema kama umejaa au ni mtupu, kisha siku nyingine umtake aseme umejaa sehemu ngapi kati ya kumi na sita. Kila kuandika na kufuta hulichosha lile tabaka, na mtungi unaanza kuvuja. Seli ya biti moja ilivumilia takriban mara 100,000. Ya biti mbili ilishuka hadi maelfu machache, ya biti tatu hadi takriban 1,000 au 3,000, na ya biti nne hadi 1,000 au pungufu. Tofauti hiyo inaonekana hata kwenye waranti za kampuni moja. Diski ya Samsung 870 EVO ya terabaiti 1, yenye seli za biti tatu, ina dhamana ya kuandikiwa terabaiti 600, na 870 QVO yenye ukubwa uleule na seli za biti nne ina dhamana ya terabaiti 360.

Kwa mtu anayeandika gigabaiti 30 kwa siku, hata hizo 360 ni za zaidi ya miaka 30, kwa hiyo mwenye kompyuta ya kawaida hana haja ya kukosa usingizi. Hatari iko kwa chipu ndogo iliyopewa kazi kubwa mahali ambapo hakuna anayeitazama. Magari ya Tesla ya Model S yaliyotengenezwa kati ya 2012 na 2018, pamoja na Model X za 2016 hadi 2018, yalikuwa na chipu ya flashi ya gigabaiti 8 nyuma ya skrini kubwa ya katikati. Gari liliandika kumbukumbu za uendeshaji ndani yake kila siku bila kukoma, na chipu ilikuwa na uwezo wa kuandikwa mara 3,000 kwa kila sehemu. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ilipiga hesabu ikaona kwamba chipu hiyo ingemalizika kwa miaka mitano au sita. Ilipomalizika, skrini ilizimika, na pamoja nayo kamera ya nyuma na vidhibiti vya kuondoa ukungu kwenye kioo. Februari 2021 takriban magari 135,000 yaliitwa yarudishwe kwa marekebisho. Mota, betri na mwili wa gari vilikuwa na miaka mingi mbele yake.

Flashi ina tabia nyingine inayotuhusu sisi tulio karibu na ikweta zaidi kuliko wenzetu. Kiwango cha kimataifa cha sekta hiyo kinaitaka diski ya flashi ya mtumiaji wa kawaida, ikishamaliza uandishi ulioahidiwa, itunze data kwa mwaka mmoja bila umeme katika joto la nyuzi 30. Muda huo unapungua joto linapozidi, na kabatini mwangu Dar es Salaam, mwezi wa Februari, nyuzi 30 hupitwa kabla ya saa nne asubuhi. Flashi iliyochakaa si mahali pa kuwekea picha kisha kufunga droo na kuondoka kwa miaka mitatu.

Joto ndilo linalotupeleka kwenye sehemu ambayo mafundi wetu wanaijua kuliko mtu mwingine yeyote, nayo ni kapasita. Zile kopo ndogo za alumini zilizosimama kwenye bodi ya umeme ya televisheni, redio au chaja zina majimaji ndani yake, na majimaji hayo hukauka polepole. Muda wake umeandikwa kwenye orodha ya mtengenezaji, kwa mfano saa 2,000 katika nyuzi 105, na kanuni ya kazi inayotumika ni kwamba kila joto linaposhuka nyuzi 10 umri unazidi mara mbili. Televisheni ambayo ndani yake kuna nyuzi 65 itaipa kapasita hiyo saa 32,000, yaani miaka 11 kwa anayetazama saa nane kwa siku. Iweke televisheni hiyohiyo kwenye kabati lililobanwa ukutani, matundu yake yazibwe na vumbi, joto la ndani lifike 75, na umri unakatika hadi miaka mitano na nusu. Sasa mtengenezaji aamue kuokoa senti chache na kutumia kapasita ya nyuzi 85 yenye saa zilezile 2,000. Katika nyuzi 75 itapata saa 4,000, ambazo kwa mtazamaji yule ni siku 500, miezi michache baada ya waranti ya mwaka mmoja kwisha. Hakuhitajika mtu mwovu aliyekaa chumbani kupanga siku ya kifo. Ilitosha mtu wa manunuzi kupewa bei ya juu ya bodi na kuchagua kipuri kilichoingia katika bei hiyo.

Vipuri hivyo vilishawahi kuiangusha sekta nzima. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kapasita nyingi zilitoka viwandani zikiwa na majimaji mabaya, zikavimba na kupasuka katika kompyuta za kampuni nyingi, na mwaka 2005 Dell ilitenga dola milioni 300 kwa ajili ya matengenezo na mabadilisho. Baada ya hapo yakaja mabadiliko ya lehemu. Tangu tarehe 1 Julai 2006 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku risasi katika vifaa vingi vya elektroniki, uamuzi mwema kwa afya za watu, wakiwemo wanaochoma taka za vifaa hivyo, lakini viwanda vilichukua miaka kadhaa kuizoea lehemu mpya ya bati, ambayo ni ngumu zaidi na hainyumbuki kama ile ya zamani inapopashwa na kupozwa mara kwa mara. Katika miaka hiyohiyo ya mpito, vishikizo vilivyopasuka kwa joto chini ya chipu vilikuwa kilio cha kila siku, na Julai 2007 Microsoft ilitangaza gharama ya zaidi ya dola bilioni 1 kwa ajili ya mashine za michezo za Xbox 360.

Mafundi wanazimudu kapasita. Zinaonekana kwa macho zikivimba kichwani, zinauzwa kwa bei ya soda, na kuzibadilisha ni kazi ya nusu saa. Sehemu zinazokufa mapema siku hizi ni zile ambazo fundi hazimudu, na si kwa kukosa ujuzi. Betri ya lithiamu ya simu nyingi ilitengenezwa ibaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya kuchajiwa kikamilifu mara 500 hivi, ambazo kwa mtu anayechaji kila usiku ni karibu mwaka mmoja na nusu. Hilo ni jambo la kikemia na lilikuwepo pia katika simu za zamani, ila katika simu hizo ulifungua mfuniko kwa ukucha na kuweka betri nyingine. Sasa betri imebandikwa kwa gundi nyuma ya kioo kilichobandikwa pia kwa gundi, na katika baadhi ya simu kipuri kimefungwa kwa namba ya siri na bodi yake, hivyo hata kioo halisi kilichotolewa kwenye simu nyingine ya modeli ileile kinaleta onyo au kinapoteza baadhi ya kazi zake. Jimbo la Oregon nchini Marekani lilipitisha sheria mwaka 2024 ya kuzuia ufungaji huo wa vipuri.

Juu ya betri ipo programu. Desemba 2017 Apple ilikiri kwamba masasisho yake yalipunguza kasi ya iPhone zenye betri zilizochoka, ili zisizimike ghafla. Sababu ya kiufundi ilikuwa ya kweli, lakini mwenye simu hakuambiwa, na wengi walinunua simu mpya wakati walichohitaji kilikuwa betri mpya. Februari 2020 mamlaka ya Ufaransa iliitoza kampuni hiyo faini ya euro milioni 25 kwa kutowaeleza wateja. Kwa upande wa kompyuta, Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inakataa rasmi processor nyingi (chipu kuu za kompyuta) za kabla ya mwaka 2018. Kompyuta mpakato ya mwaka 2016 yenye diski nzima, skrini nzima na kibodi kizima imehesabiwa kuwa imezeeka kwa tarehe iliyopangwa kwenye kalenda.

Ni lazima pia niseme lililo upande wetu sisi wanunuzi. Taasisi ya Öko-Institut na Chuo Kikuu cha Bonn zilifanya utafiti kwa ajili ya shirika la serikali ya Ujerumani linalosimamia mazingira, ukakamilika mwaka 2016. Mashine kubwa za nyumbani zilizobadilishwa kwa sababu ya ubovu kabla ya kufikisha miaka mitano ziliongezeka kutoka asilimia 3.5 mwaka 2004 hadi asilimia 8.3 mwaka 2012, na hilo ni ongezeko la kutisha. Lakini utafiti huohuo ulikuta kwamba zaidi ya asilimia 60 ya televisheni bapa zilizobadilishwa zilikuwa bado zinafanya kazi. Wenyewe waliziondoa kwa sababu walitaka kubwa zaidi.

Televisheni hizo, pamoja na kompyuta na diski za maofisi, haziishii zote huko. Nyingi hupita Dubai na bandari za Ulaya na kutufikia kama bidhaa za mtumba, na hapo hesabu ya umri inakuwa ngumu, kwa sababu tunanunua kifaa ambacho sehemu ya maisha yake ilishatumika mahali pengine. Sina neno baya juu ya mtumba. Kompyuta nyingi nilizofanyia kazi zilikuwa za namna hiyo, na kifaa kilichotengenezwa kwa ajili ya ofisi mara nyingi kina vipuri bora kuliko kipya cha bei rahisi. Shida ni pale umri unapofichwa. Mwanzoni mwa mwaka 2025 iligundulika Ujerumani kwamba diski za Seagate zilizokwisha kutumika maelfu ya saa zilikuwa zinauzwa na wachuuzi kama mpya, saa zake zikiwa zimerudishwa sifuri kwenye kumbukumbu ya kawaida inayosomwa na kila mtu. Lakini diski hizo zina kumbukumbu ya pili ya ndani ambayo haikufutwa, nayo ndiyo iliyosema kweli.

Kuanzia tarehe 20 Juni 2025 simu zinazoingizwa katika soko la Umoja wa Ulaya zinatakiwa ziwe na betri inayobaki na asilimia 80 baada ya kuchajiwa mara 800, zipewe masasisho ya mfumo kwa angalau miaka mitano baada ya modeli kuacha kuuzwa, na vipuri vyake vikuu vipatikane kwa miaka saba. Kuanzia tarehe 18 Februari 2027 sheria nyingine ya umoja huo itataka betri za vifaa vingi vya kubebeka ziweze kutolewa na mtumiaji mwenyewe. Modeli moja mara nyingi huuzwa dunia nzima, kwa hiyo simu hizo zitafika Kariakoo na Luthuli Avenue ya Nairobi pia, kwanza mpya kisha za mkono wa pili, na ninatamani mafundi wetu wapewe vipuri hivyo kwa njia ya wazi badala ya kuendelea kuvichuma kwenye simu zilizokufa.

Kwa sasa, ninaponunua diski ya sahani iliyotumika, naomba ichomekwe kwenye kompyuta ya muuzaji na ifunguliwe programu ya bure ya kusoma hali ya diski. Natazama saa ilizowashwa, na nakumbuka kwamba saa 26,000 ni miaka mitatu bila kuzimwa. Kisha natazama mstari wenye namba 5, ambao unahesabu sehemu zilizoharibika zikabadilishiwa mahali, na mistari yenye namba 197 na 198, inayohesabu sehemu ambazo diski imeshindwa kuzisoma. Google walikuta kwamba baada ya kosa la kwanza la usomaji diski ina uwezekano mara 39 zaidi wa kufa ndani ya siku 60. Nikiona namba yoyote isiyo sifuri katika mistari hiyo mitatu, naichomoa diski, namrudishia muuzaji, namshukuru kwa muda wake, na naomba nyingine.